Zulia la majani ndani ya akwaria: mmea gani unafaa nyumba ya Lubumbashi, na upi utakusumbua

Mtu anayetaka kuotesha zulia la kijani kwenye sakafu ya akwaria, yaani tangi la kioo la samaki, huanza na picha. Anaona kwenye simu tangi la Mjapani au la Mjerumani, chini pote kijani kibichi. Anautafuta mmea ule ule, anaulipia nauli kutoka Afrika Kusini au Zambia kupitia Kasumbalesa, anaupanda, na baada ya majuma matatu amebaki na mchanga mtupu na vijani vya kahawia vilivyonasa kwenye chujio. Hapo ndipo anaanza kuuliza tatizo ni nini. Kwangu mimi swali hilo limechelewa. Kila mmea wa zulia una namna yake ya kuharibika, na namna hiyo inajulikana kabla hujatoa pesa mfukoni. Kwa hiyo hapa nimeipanga mimea kwa matatizo yake: upi huyeyuka, upi huelea, upi hurefuka badala ya kutambaa, upi hukusanya mwani. Wewe chagua tatizo ambalo nyumba yako inaliweza.

Nyumba yako, nasema, kwa sababu Lubumbashi ina hali zake. Maji ya foraji nyingi (visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine) hutoka kwenye miamba ya dolomia, kwa hiyo huja na kalsiamu na magnesiamu tele. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ndio ushahidi. Umeme hukatika, na delestaji (ukataji wa umeme kwa zamu) haina ratiba ya kuaminika. Mwezi wa sita na wa saba usiku joto la nje hushuka chini ya digrii 10, na tangi lililo karibu na dirisha hupoa pamoja na ukuta. Halafu tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji hushika oksijeni kidogo zaidi.

Kuna pia shaba. Mmea unahitaji chembe ya shaba, lakini ikizidi inaua konokono na kamba wadogo, ambao ndio wafagiaji wa zulia lolote. Usichote udongo wala mchanga kwenye eneo la Penga Penga, wala popote ambapo upepo umekuwa ukipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba tangu 1911. Ukiweka konokono watano kwenye tangi jipya wakajifungia ndani ya magamba yao siku ya pili, ukague mchanga wako kabla ya kulaumu mmea.

| Mmea | Mwanga | Kuongeza hewa ukaa | Tatizo lake kubwa |
|---|---|---|---|
| Cuba (Hemianthus callitrichoides) | mkali | lazima | huyeyuka, kisha huelea |
| Monte Carlo (Micranthemum) | wastani hadi mkali | karibu lazima | huelea ukinenepa |
| Nyasi-nywele (Eleocharis) | wastani hadi mkali | inasaidia sana | hunasa vumbi na mwani |
| Sagittaria subulata | wastani | si lazima | hurefuka, hugeuka njano |
| Marsilea hirsuta | hafifu hadi wastani | si lazima | huchosha subira |
| Cryptocoryne parva | wastani | si lazima | huyeyuka ghafla |
| Mosi ya Java | hafifu | si lazima | hung'oka, hujaa uchafu |

Cuba au Monte Carlo

Hawa wawili ndio wa kwenye picha. Cuba ina majani ya milimita moja hadi tatu, madogo kuliko ya mmea wowote mwingine wa zulia unaouzwa kwa wingi, na ndiyo maana tangi dogo lenye Cuba huonekana kubwa. Asili yake ni visiwa vya Karibiani. Monte Carlo ni ndugu yake wa Amerika ya Kusini, majani yake ni makubwa kidogo na mizizi yake hushika vizuri zaidi.

Tatizo la kwanza kwa wote wawili ni hewa ukaa. Maji yaliyoachwa yenyewe huwa na chini ya miligramu moja ya hewa ukaa (CO2) kwa lita. Cuba inataka kati ya 20 na 30. Ukiwa na vipimo vya pH na vya ugumu wa kabonati unaweza kukadiria ulipo: maji yenye ugumu wa digrii 10 na pH 8 yana takribani miligramu 3, maji hayo hayo ukiyafikisha pH 7 kwa kuyapulizia hewa ukaa yanakuwa na takribani 30. Maana yake ni kwamba mwenye maji magumu anapaswa kuishusha pH kwa hatua nzima, kila siku, saa zote za taa. Kwa mtungi wa gesi wenye valvu nzuri inawezekana. Kwa chupa ya sukari na hamira, inayochacha na kutoa gesi hiyo, inawezekana Januari.

Julai ni habari nyingine, kwa sababu hamira hulala kwenye baridi. Chupa iliyokuwa ikitoa povu moja kila sekunde msimu wa mvua itatoa moja kila sekunde kumi, na Cuba itakuwa ya kwanza kulalamika: ncha zinapauka, katikati ya zulia panakuwa na shimo, na juma linalofuata mwani wa nyuzi umeingia humo. Watu wengi hapo huongeza mbolea au saa za taa. Wanaulisha mwani. Hewa ukaa ikipungua, punguza taa nayo, wala usiongeze chochote mpaka chupa itengemae. Ukiifunga kwa kitambaa kizito, au ukaiweka ndani ya bidoni lenye maji ya vuguvugu, inaamka.

Upande wa pili wa chupa ya sukari ni hatari kwa samaki. Umeme ukikatika saa mbili za usiku, pampu na chujio vinazimika, mmea gizani hautumii tena CO2, lakini chupa haijui habari za delestaji. Inaendelea kupuliza hadi asubuhi. Kwa mwinuko wetu huna akiba kubwa ya oksijeni. Unaamka unakuta samaki wote juu wanatweta. Jizoeze kuutoa mpira wa gesi majini kila taa inapozimwa, na uweke valvu ya njia moja ili maji ya tangi yasirudi ndani ya chupa. Kipampu cha hewa cha betri ni cha bei ndogo kuliko samaki.

Tatizo la pili ni kuyeyuka. Mashamba mengi ya mimea hii huiotesha nje ya maji, kwenye unyevu, kwa kuwa hukua haraka namna hiyo. Ukiizamisha, majani ya hewani yanakufa na mmea unatengeneza mapya ya majini. Juma la pili hadi la nne ndilo baya. Kutofautisha kuyeyuka kwa kawaida na kifo ni kazi ya kuangalia ncha: ukiona vichipukizi vidogo, vifupi, vya kijani cha kung'aa, mmea uko hai, toa tu majani yaliyooza yasichafue maji. Mashina yakiwa kama kioo na yakakatika ukiyagusa, umeshapoteza kipande hicho. Mimea ya vikombe vya maabara, ile iliyoketi ndani ya jeli, haina konokono wala mwani, ila ni michanga sana na lazima jeli yote ioshwe. Ukipata vipande kutoka tangi la mtu wa hapa hapa mjini, vilivyokwisha zoea maji, chukua hivyo kwanza, hata kama si vizuri kutazama. Vimeshamaliza kuyeyuka nyumbani kwa mwingine.

Tatizo la tatu huja baada ya mafanikio. Zulia linanenepa, tabaka la juu linalinyima la chini mwanga, la chini linaoza kimyakimya, na siku moja kipande kizima kinainuka na kuelea kikiwa na mizizi yake. Dawa ni mkasi: ukifika unene wa sentimita mbili au tatu, kata, hata ukiona huruma. Monte Carlo husamehe ukichelewa, Cuba haisamehi.

Kati ya hawa wawili, kwa Lubumbashi, mimi nasema Monte Carlo bila kusitasita. Cuba ni ya mtu mwenye mtungi wa gesi, inveta na betri, na anayelala nyumbani kila siku. Picha zitatofautiana kidogo tu. Mgeni wako hataona tofauti. Atauliza tu samaki hao wanaliwa lini.

Kupanda pakavu, au kupanda moja kwa moja majini

Kwa Monte Carlo kuna njia ambayo naona inafaa mji wetu kuliko Ulaya ilikotangazwa sana. Unaweka udongo na mchanga, unalowesha mpaka uwe na unyevu bila maji kusimama, unapanda vipande vidogovidogo, unafunika tangi kwa plastiki, unaacha. Hakuna samaki, hakuna pampu, hakuna chujio. Mmea unachukua hewa ukaa kutoka hewani, ambako haina kikomo kama majini. Kila siku mbili unafunua dakika chache ili ukungu usiote, unanyunyiza maji, unafunika tena. Baada ya majuma manne hadi manane mizizi imeshika, ndipo unajaza maji taratibu.

Faida yake hapa ni wazi: delestaji ya saa sita haiuwi kitu. Hata tangi likikaa karibu na dirisha lenye mwanga, bila jua la moja kwa moja, mmea utaendelea. Anza mwanzo wa mvua, Novemba kwa mfano, joto na unyevu vinakusaidia. Ukianza Juni usiku wa baridi utaichelewesha hadi ukate tamaa.

Hasara yake: kuyeyuka hukuepuki, kunaahirishwa tu. Siku ya kujaza maji majani yote ni ya hewani, na yatabadilika. Tofauti ni kwamba mmea una mizizi na nguvu za kubadilika. Lakini ukijaza maji bila chanzo cha hewa ukaa tayari, umetayarisha zulia zuri ili lije kuoza.

Kupanda moja kwa moja majini kunafaa mimea mingine ya orodha yenye mizizi mirefu. Tumia kibano, fukia mpaka ncha tu zibaki nje, na tangi lijazwe maji robo tu wakati wa kupanda ili vipande visielee.

Nyasi-nywele au Sagittaria

Hapa ndipo mtu wa kawaida wa Lubumbashi anapaswa kufikiri zaidi, maana yote miwili hutambaa kwa vikonyo chini ya mchanga, yote hutoa sura ya nyasi, lakini haifanani hata kidogo inapoanza kuharibika.

Nyasi-nywele huuzwa kwenye chungu ikiwa shada moja nene, na watu huipanda hivyo hivyo. Ni kosa la kawaida kabisa. Shada nene huoza katikati. Litenganishe uwe na vifungu vya nyuzi tano hadi kumi, kata urefu ubaki sentimita mbili au tatu, panda kwa nafasi ya vidole viwili. Juma la kwanza itaonekana umepanda ndevu za mzee. Subiri vikonyo.

Tatizo lake la kudumu ni kwamba hufanya kazi ya ufagio: kila kinachoanguka majini hunaswa. Na mji huu kiangazi una vumbi jekundu lisilokoma, hasa ukiwa kando ya barabara isiyo na lami. Tangi lisilofunikwa juu hukusanya tope laini katikati ya nyuzi, na mwani wa nyuzi ukishajisuka humo hakuna kuutenganisha kwa mkono wala kwa mswaki. Njia pekee ya maana ni kunyoa. Kata nyasi zote karibu na mchanga, toa kila kitu na mwani wake, acha shina la chini liote upya. Nyasi-nywele huchipua kutoka chini, kwa hiyo kinyozi haiuwi. Ila fanya hivyo ukiwa na mwanga na mbolea ya kutosha, kwani kunyoa mmea dhaifu ni kuumaliza.

Sagittaria subulata inatoka pwani ya mashariki ya Marekani, mpaka kwenye milango ya mito ambako maji huchanganyika na ya bahari. Mmea uliozoea hali kama hizo hautishwi na maji ya foraji. Haudai CO2. Unatambaa kwa kasi, na jani lake pana kidogo halishiki tope kama nywele.

Lakini ina visa vyake viwili. Cha kwanza: ukiupanda, majani ya mwanzo yanaweza kurefuka hadi sentimita 20 au 30, na wewe ulitaka zulia. Usiyakate katikati, jani lililokatwa huoza kuanzia kwenye jeraha. Vuta jani refu lote kutoka chini, acha mafupi. Kadiri vikonyo vinavyosambaa kwenye mwanga mzuri, vitoto vinatoka vifupi. Palipo na giza, au palipobanana, hurefuka tena. Kwa hiyo mwenye Sagittaria hupunguza mimea, hanyoi.

Cha pili ni njano. Majani machanga yakitoka yamepauka huku mishipa ikibaki ya kijani, ni chuma kimepungua. Chuma kiko majini lakini pH ikiwa juu hugeuka kutu na mmea haukifikii. Hapa watu hununua mbolea ya maji ya chuma, wanaweka, wanaongeza, na hakuna kinachobadilika: chuma kilichofungwa kwa EDTA, kemikali ya kukishikilia kisigeuke kutu, huachiwa na kupotea haraka pH ikipita 7, kilichofungwa kwa DTPA, kemikali nyingine ya aina hiyo, huvumilia kidogo zaidi. Kwenye maji yetu peleka chuma kwenye mizizi. Vidonge vya mbolea vya kuchomeka mchangani ni sawa, ila kuna njia ya bei ya bure, na iko nje ya mlango.

Udongo: wa dukani, mwekundu, au wa kichuguu

Udongo wa dukani wa akwaria ni chembe za udongo zilizookwa. Zinashusha pH na kunyonya ugumu wa maji, jambo zuri kwa Monte Carlo. Majuma ya kwanza hutoa amonia, kwa hiyo usiweke samaki. Kwenye maji magumu nguvu yake ya kushusha pH huisha mapema, na bei yake ukijumlisha usafiri inaumiza.

Udongo wetu mwekundu ni maskini wa virutubisho vingi, lakini wekundu wenyewe ni chuma. Ukizamishwa na kukosa oksijeni, sehemu ya chuma hicho huyeyuka, na mizizi hukinywa. Chekecha, loweka na kumwaga maji mara kadhaa hadi takataka za mimea zitoke, tandika sentimita mbili, funika kwa sentimita tatu za mchanga uliooshwa wenye chembe za milimita moja au mbili. Kwa Sagittaria sijui kitu kinachoushinda kwa gharama hii. Unachopoteza ni uhuru wa kung'oa: ukivuta mmea wenye mizizi mirefu, wingu jekundu litakaa majini siku nzima. Kata kikonyo kwa mkasi, acha mizizi ife chini.

Udongo wa kichuguu unavutia kwa sababu ni mfinyanzi safi, ndio unaofyatulia matofali. Usiutumie. Vichuguu vikubwa vya Katanga hukusanya chokaa ndani yake, na chokaa hiyo itapandisha ugumu wa maji ambayo tayari ni magumu. Ukiwa na shaka na udongo wowote, ukaushe, uudondoshee siki. Ukitoa povu, urudishe ulikoutoa.

Marsilea au Cryptocoryne parva

Hii ni mimea ya watu wasio na haraka. Marsilea hirsuta ni jamii ya kangaga kutoka Australia. Dukani huja na majani manne manne, na ukishazamishwa huanza kutoa jani moja moja, la mviringo. Watu hudhani wameuziwa kitu kingine, au kwamba mmea unakufa. Ni kawaida yake. Inaridhika na mwanga mdogo, haiombi CO2, inavumilia chuma kidogo, na ikishajaa huhitaji mkasi mara chache sana. Tatizo lake ni mwendo. Miezi miwili ya kwanza unaweza kuapa kuwa haijasogea, na kwenye baridi ya Julai kweli haisogei. Mchanga uliobaki wazi muda huo wote ni shamba la mwani, kwa hiyo panda nyingi tangu siku ya kwanza au weka mimea inayoelea juu ipunguze mwanga.

Cryptocoryne parva, kutoka Sri Lanka, nayo ni polepole, na ina tabia ya ukoo wake: ukibadilisha hali ghafla, majani yote huyeyuka kwa siku chache. Mizizi hubaki hai na majani hurudi, mradi usiing'oe kwa hasira. Kinachoifanya iyeyuke hapa kwetu mara nyingi ni ndoo. Mtu hutumia maji ya mvua Januari, maji ya foraji Julai, na kila msimu mmea unaanza upya. Ukitaka kuchanganya mvua, hifadhi ya kutosha, au uweke kipimo kile kile mwaka mzima, nusu kwa nusu kwa mfano. Na mvua za kwanza baada ya kiangazi ziache zioshe paa kwanza. Vumbi la mji wa migodi halina kazi ndani ya tangi.

Kati ya hizi mbili naipa Marsilea. Parva ninaiheshimu, basi.

Mosi ya Java sitaizungumzia sana. Si zulia la mizizi. Unaifunga kwa uzi juu ya wavu au jiwe bapa. Inakubali baridi, giza na maji yoyote. Ukiifunga tabaka nene itaoza chini na kung'oka, ifunge nyembamba. Kwa mtoto anayeanza, ni sawa kabisa.

Taa, delestaji na mwani

Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, balbu nyeupe za LED za kawaida zenye jumla ya lumeni 1,000 hadi 1,500 zinatosha Sagittaria na Marsilea. Monte Carlo na nyasi-nywele zianzie 2,000. Anza na saa sita kwa siku, ongeza polepole mpaka nane, usizidi.

Kosa la hapa kwetu ni kulipiza: umeme umekosekana mchana wote, basi taa inaachwa hadi usiku wa manane, na siku inayofuata tena. Siku mbili za mwanga kidogo hazidhuru zulia. Juma moja la taa ndefu zisizo na mpangilio linatosha kuleta mwani wa kijani kwenye vioo na wa nyuzi kwenye majani. Ikague pia saa ya kuwashia taa. Zile za kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika, na baada ya delestaji kadhaa taa yako itawaka saa nane za usiku wewe ukiwa umelala. Taa ya volti 12 yenye betri na paneli ndogo ya jua imeokoa mazulia mengi kuliko mbolea yoyote.

Mwani ukiwa umeshaingia, jiulize ni mmea gani umesimama. Mmea unaokua huuacha mwani nyuma. Majani ya zamani yenye vitobo na kingo za njano yanaomba potasiamu. Majani ya zamani yaliyopauka yote kwa usawa yanaomba naitrojeni, hasa kwenye tangi lenye samaki wachache. Ukirekebisha hilo na kuusugua mwani kwa mswaki, utakuwa umefanya zaidi ya dawa za chupa, ambazo nyingine zina shaba.

Samaki

Sisi tuna Ziwa Tanganyika mkoa wa jirani, na mtu wa hapa mwenye akwaria mara nyingi ameanza na samaki wa Moba au Kalemie. Wapende, lakini wape mchanga wao. Wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono huhamisha mchanga kwa mdomo bila kukoma, na maji ya ziwa lile yana pH karibu 9. Zulia na samaki hao havikai pamoja. Vifaranga vya tilapia vya bwawani navyo huchimba, kisha hula. Gapi hupenda maji magumu na hawachimbi, wanafaa.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Una maji ya foraji, balbu za kawaida, umeme wa kubahatisha: Sagittaria juu ya udongo mwekundu. Kama unasafiri sana, au tangi liko ofisini ambako hakuna anayelijali, panda Marsilea nyingi uiache. Unataka ile sura ya picha na una subira ya kupanda pakavu Novemba: Monte Carlo, na uwe na chanzo cha CO2 kabla hujajaza maji. Nyasi-nywele aichukue mwenye tangi lenye kifuniko na mkono mwepesi wa mkasi. Cuba, mpaka uwe na mtungi na betri. Usichanganye Sagittaria na Monte Carlo kwenye tangi moja dogo. Ya kwanza itapita chini ya ya pili na kuifunika kabla mwaka haujaisha.

Na vipande unavyokata visiende mtoni wala mfereji wa mvua. Magugu maji yaliyoziba Mto Kongo miaka ya 1950 yaliletwa yakiwa pambo. Vianike juani mpaka vikauke kabisa, kisha vitupe kwenye shimo la mbolea ya bustani.